Mwaka wa Diski ya Pili

"Mwali! We mwali! Mpaka leo hujatolewa nje?"

Nilirushiwa maneno hayo juzi, mbele ya wazee wenye kanzu, katika arobaini ya Bi Mishi hapa Mikindani. Nina ndevu nyeupe, nina wajukuu wawili, na mkononi nilikuwa nimeshika juzuu. Lakini aliyeniita ni Mama Kadzo, na Mama Kadzo hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kumcheka. Alikuwa akipita kando ya turubai la wanaume kwenda kwa wenzake ndani, leso mbili mwilini, mkoba kwapani, akaniona nimekaa pale pale nikaapo siku zote, karibu na mlango. Wazee walinigeukia. Nikafanya kama simjui. "Usinifiche uso," akasema, "nina kitu chako humu mkobani. Hitima ikiisha nitakutafuta. Si vigumu, najua huendi mbali." Kweli siendi mbali. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwa Bi Mishi, na katika miaka hii yote, hizo nyumba tatu ndiyo safari ndefu kabisa niliyoifunga. Namna nilivyokuja, ujanani, kuwa mpangaji wa chumba cha uani kwa Bi Mishi ni habari ndefu, imenichosha hata mimi mwenyewe. Niianzie pale ilipoanza kuwa tamu, mwaka wa tisini na tano, mwaka ambao Mama Kadzo alipanga chumba cha mbele na kuingiza kompyuta ya kuchapia watu kazi zao.

Chumba kile nakiona hadi leo. Kilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama barabara, meza moja, viti viwili, kalenda ya kanisa ukutani na, juu ya mlango, Ayatul Kursiy ya Bi Mishi ambayo Mama Kadzo hakuigusa. "Hiyo ni ya mwenye nyumba," alisema, "na mimi nani nikatae kulindwa?" Kompyuta ilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Ilitoka kwenye mnada wa ofisi moja ya bandarini, rangi yake imeiva njano kama meno ya mvutaji. Bi Mishi aliitazama, akaenda chumbani kwake, akarudi na kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni, akaifunika kama redio. Na kila Alhamisi jioni, alipokuwa akiifukiza nyumba yake kwa udi na ubani, chumba kwa chumba, aliingia na humo. Mama Kadzo alikuwa Mkristo wa Rabai, mwimbaji wa kwaya, lakini alinyanyua kitambaa kwa heshima ili moshi upate nafasi. Bi Mishi alikisogeza chetezo chini ya meza, karibu na uso wa mashine, na feni iliyo nyuma ikauvuta moshi wote ndani. Ulipotea kwenye vile vitundu vya mbele kama mchuzi unapotelea kwenye mkate. Bi Mishi alifurahi mno. "Tazamani! Yavuta yenyewe! Hini yajua kuwa ina mahasidi."

Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikumtia mtu presha, si ya furaha wala ya huzuni. Wenzangu walikwenda bandarini, viwandani Changamwe, wengine Uarabuni. Mimi nilikwenda chumba cha mbele. Ndipo Mama Kadzo aliponibandika jina la Mwali, kwa kuwa nilikuwa mwanamume pekee mtaani aliyeweza kutajwa alipo saa yoyote ya mchana. Mashine ilikuja na kitabu chake cha maelekezo, kinene kama msahafu, na kwa kuwa nyumbani hamkuwa na kitabu kingine nilichokuwa sijakisoma, nilikisoma hicho. Nilikisoma mara tatu. Sikuwa na nia ya kuwa fundi. Nilikuwa natafuta sababu ya kutotumwa sokoni.

Mteja mkubwa wa Mama Kadzo alikuwa Mwalimu Ngowa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu ya risasi na raba mfukoni kana kwamba kengele ingelia wakati wowote. Alikuwa anaandika kitabu cha miti. Miaka mingi ya likizo zake alikuwa ametembea kwa miguu bara yote ya nyuma yetu, Rabai, Ribe, Kaloleni, akiwauliza wazee na wakunga na waganga: mti huu mnauitaje, mnaufanyia nini, nani alikufunza. Kila mti karatasi yake. Na kila karatasi ilikuwa na mstari wa mwisho ulioanza "Aliyenieleza", kisha jina. Mama Kadzo akichapa, Mwalimu hukaa kiti cha pili na kusema, "Huyo amekufa." Mti mwingine, jina jingine. "Na huyo pia, mwaka juzi." Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, na sababu ya haraka yake ilikuwa hiyo. Aliweza kuona kuwa kuna maandishi. Hakuweza tena kuyasoma.

Hapa ndipo penye aibu yetu sote. Karatasi ikishachapwa, imekwisha kazi, na katika nyumba ile hakuna karatasi iliyotupwa. Jioni Bi Mishi alikuwa akikaanga bajia za kunde hapo barazani, na bajia lazima zifungwe kwa kitu. Mama Kadzo alimpelekea karatasi za Mwalimu kila Ijumaa, rundo zuri, na Bi Mishi alizisifu kuliko za gazeti: "Hizi nzito, hazipitishi mafuta." Nami nakiri kwamba mkoko, mvule na mkone niliisoma kwanza ikiwa imetapakaa mafuta na chatne ya ukwaju. Hakuna aliyewaza. Miti ilikuwa ndani ya mashine, tuliiona kwenye kioo. Nani angehitaji karatasi? Nakala kwenye flopi, ile diski bapa ya kuchomeka na kuchomoa, hatukuwa nayo, kwa sababu tundu la flopi lilikuwa limegoma tangu masika, na sote tulikubaliana kuwa ni unyevu. Pwani, kila kibovu ni unyevu.

Mnamo mwezi wa nane, Mama Kadzo alipokuwa ameingiza mti wa mia na sabini na nne, mashine ilikataa kumeza zaidi. Diski ilikuwa imejaa. Megabaiti arobaini, ambazo leo zingetosha picha nane za simu, na humo mlikuwa na programu za mashine yenyewe, miti, barua za watu za kuomba kazi na katiba za vyama viwili vya kina mama. Mama Kadzo alinitazama. "Mwali, wewe si ndiye uliyesoma kile kitabu?" Nikasema ndiyo. "Waweza kuongeza diski nyingine?" Nami, mtu ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nimefungua redio moja na kuifunga ikiwa imebakiza skrubu mbili, nikajibu, "Ni jambo la nusu saa."

Alikwenda mjini mwenyewe kuitafuta diski. Mimi nilikuwa na udhuru, sikumbuki upi. Alirudi nayo kikapuni, imelazwa kati ya fungu la mboga ya mchunga na nazi mbili, ya mkono wa pili, kubwa mara tano kuliko ile ya zamani kwa kumeza na ndogo kwa umbo. Fundi aliyemuuzia alimpa wasia mmoja tu: "Mstari mwekundu uelekee waya mwekundu." Jumamosi, baada ya chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi, nikavua kitambaa cha maua, nikafungua skrubu, nikazipanga kwenye kisahani, nikajiona daktari. Ule utepe mpana wa nyaya unaotoka kwenye kadi, kile kibao kidogo kilichochomekwa kwenye ubao mkubwa wa mashine, kwenda kwenye diski ulikuwa na mdomo wa ziada katikati, kama kwamba ulikuwa ukimngoja mgeni. Nikauvuta kidogo umfikie. Nikahamisha kile kijikofia cha plastiki kinachovaa pini mbili, ili diski ya zamani iwe mkubwa na mpya iwe mdogo wake. Nikaujulisha ubao namba za mgeni, vichwa vingapi, mizunguko mingapi, maana mashine za enzi zile hazikuwa na macho. Diski mpya ilibidi uitambulishe kama mkwe. Kisha nikawasha. Feni ikavuma. Kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, kifupi, wa kusema kwamba diski haipo.

"Ipi haipo?" akauliza Mama Kadzo.

"Mpya. Labda imelazwa na nazi."

Nikaitoa mpya, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikawasha tena. Mstari ule ule. Sasa hata ya zamani haikuwepo.

Ni vigumu kumweleza mtu wa leo jinsi chumba kinavyonyamaza mahali kama hapo. Barabarani malori yalikuwa yanapita kwenda Miritini, muuza maji alikuwa anagonga mtungi, lakini mle ndani palikuwa na feni tu. Mama Kadzo aliketi. Hakunitania. Hilo ndilo lililoniogopesha; nilizoea kupimia hali ya dunia kwa matani yake. "Karatasi," akasema polepole. Tukatoka barazani. Bi Mishi alikuwa anasaga kunde. Tukamuuliza za Mwalimu zilizobaki. Akainua sufuria, akatoa chini yake karatasi tatu, akazipangusa kwa upindo wa leso. Mnazi, mkorosho na mpapai.

"Basi," akasema Mama Kadzo, "imebaki ile ambayo hata mbuzi anaijua."

Jumapili na Jumatatu nilifanya yote yaliyoandikwa kwenye kitabu na mengine ya kubuni. Niligeuza utepe juu chini, taa ya diski ikawaka bila kuzima kama taa ya sultani, nikaurudisha. Nilihamisha vijikofia kwa kila namna inayowezekana. Niliingiza upya namba za diski ya zamani, nilizokuwa nimeziandika kiganjani; hapo tu ndipo nilipokuwa na akili. Nilimlaumu fundi wa mjini, nikalaumu stima ya Mikindani, nikalaumu betri, nikailaumu nazi tena. Chakula nililetewa pale pale. Mama Kadzo alinisongea sima, akaniwekea mchunga wa nazi, akasema tu, "Kula." Bi Mishi alinisomea, akanipulizia kichwani, kisha akajitolea kufukiza katikati ya wiki. Nikasema, "Asante, bibi, ngoja kwanza." Ni bahati tu iliyonifanya nikatae.

Jumanne ni siku ya Mwalimu. Nilisikia fimbo yake kwenye ngazi, nikafanya ambalo shujaa yeyote angelifanya: nikaingia chini ya meza, kana kwamba kuna nyaya za kushughulikia huko. Mama Kadzo alikwenda kumlaki nje. Kuta za nyumba ile hazikuwahi kuficha neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Leo tumefika mti wa mgandi, au niliruka?"

"Mwalimu, keti kwanza. Mashine ni mgonjwa."

"Mgonjwa sana?"

"Haioni miti."

Kisha Bi Mishi, ambaye hakuweza kuvumilia kimya cha mtu mwingine: "Mwalimu, nami nina langu. Zile karatasi zako nilifungia bajia. Sikujua. Wallahi sikujua."

Nilingoja ghadhabu. Mwalimu yule nasikia alikuwa mkali wa fimbo siku zake. Ikaja sauti ya chini tu. "Hata mimi nilikuwa nazila, Bi Mishi. Nilijua kwa kidole kuwa ni karatasi ya mistari, sikujua ni yangu." Akaegemeza fimbo ukutani. "Mimi siwezi kurudi kule. Hata miguu ikikubali, nikafike nimuulize nani? Wote wale nimekwisha kuwazika." Akasema vile bila kulalamika, kama mtu anayesoma rejista ya darasa na kukuta hakuna aliyefika.

Nikatoka chini ya meza. Sijui ni nini kilinitoa, maana mimi si mtu wa kutoka. Nikaenda mlangoni, nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Nilisema najua. Sijui. Nimejaribu yote ninayoyajua na sijui." Nilikuwa nimemaliza shule bila kuwahi kumwambia mwalimu neno hilo, siku zote nilikisia. Yeye akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Vizuri," akasema. "Sasa twaweza kuanza. Niambie kitu cha mwisho kilichosogea kabla haijaugua."

Kitu cha mwisho. Nilianza kusema diski, kisha nikakumbuka mkono wangu ukiuvuta utepe umfikie mgeni. Utepe umeshikwa na kadi. Kadi imechomekwa ubaoni, na kitabu kilisema ichomekwe imara, basi sikuwahi kuigusa. Kuiona imekaa nilikuona kunatosha. Nikaichomoa, nikaja nayo barazani kwenye mwanga, nikaketi kwenye mkeka na kuigeuza. Bi Mishi akapita nyuma yangu na sinia, akasimama, akanusa.

"We kijana, mbona wanuka kama bwana harusi?"

"Mimi?"

"Wanuka udi. Wenda wapi?"

Nikanusa mikono yangu. Nikanusa kadi. Ilikuwa ni Alhamisi tupu. Yale meno ya kadi, yanayopaswa kung'aa kama kishaufu, yalikuwa yamefunikwa na utando wa kahawia, wenye kunata, kama ndani ya birika la chai. Wiki baada ya wiki moshi ulikuwa umevutwa na feni ukalala humo, juu ya kadi, ndani ya tundu la flopi tulilolisingizia unyevu, kila mahali. Kadi ilikuwa imekaa kwa mazoea, jino limegusana na mwenzake tangu zamani, hadi mimi nilipouvuta utepe na kuisogeza upana wa unywele.

Bi Mishi alielewa kabla yetu. Aliweka sinia chini. "Basi ni mimi," akasema. "Karatasi mimi, na moshi mimi."

Mwalimu Ngowa akatia mkono mfukoni, akatoa raba, ile ya kufutia, yenye ncha ya waridi na ncha ya buluu. "Shuleni," akasema, "mtoto akikosea hatumuui. Twamfuta. Shika, kijana. Polepole, upande mmoja."

Nikafuta. Chembe za raba zilianguka mkekani nyeusi, zikinukia kama usiku wa harusi, na chini yake meno yakatoka manjano, moja moja. Mama Kadzo alileta pamba na spiriti kutoka kabati la dawa la kanisani kwake, nikasafisha na kile kitundu cha ubaoni, na tundu la flopi. Kisha tukaingia ndani sote, hata Bi Mishi, ambaye hakuvuka kizingiti bali alisimama mlangoni akishika mwimo. Nikachomeka kadi kwa uzito wote wa kiganja, nikafunga diski zote mbili, mstari mwekundu kwa waya mwekundu. Nikawasha. Feni. Kisha ile sauti, krr-krr-krr, ya diski kuukuu ikijinyoosha, sauti mbaya kabisa, nami sijapata kusikia kwaya iliyoishinda.

"Iko?" akauliza Mwalimu.

Mama Kadzo akafungua faili, akasogeza kiti chake karibu na cha Mwalimu, akaanza kusoma kwa sauti ile ya kwaya, bila kuruka. Mti, jina, kazi yake, aliyenieleza. Mti, jina, kazi yake, aliyenieleza. Kila alipotaja jina la mtu, Mwalimu alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea salamu. Mimi nilinakili vyote kwenye diski ya pili, kisha kwenye flopi, kisha kwenye flopi nyingine aliyoiweka Bi Mishi mwenyewe kwenye kasha lake la dhahabu. Ile diski ya zamani ilikufa kabla ya Ramadhani iliyofuata, asubuhi moja, bila kuaga. Hatukuipigia hata kelele.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo nimeifanya hadi leo bila kutoka nyumbani: watu huniletea mashine zao barazani, nami nikiona mtu anajua kila kitu, humuuliza kitu cha mwisho kilichosogea. Bi Mishi hakuacha udi. Heri ungemwomba aache swala. Ila tangu siku ile, kila Alhamisi alisimama kwanza kizingitini na chetezo chake akaita, "Natia udi! Mfunikeni mtoto!" nami nikaikimbilia kompyuta na mfuko wa plastiki. Aliita hivyo hata kompyuta ilipokwisha kuhamishwa na Mama Kadzo kwenda duka kubwa zaidi. Aliita hivyo Alhamisi ya mwisho ya uhai wake.

Juzi hitima ilipoisha na sinia za pilau zikaondolewa, Mama Kadzo alikuja kama alivyoahidi. Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha jalada la kijani lililochujuka, kile cha Mwalimu, mojawapo ya nakala chache zilizopigwa chapa baada ya macho yake kufanyiwa operesheni. Changu nilimwazima mtu zamani, hakikurudi. "Fungua mwisho," akasema. "Hukuwahi kufika mwisho, nakujua." Ni kweli, niliishia kwenye M. Karatasi ya mwisho ina mti mmoja uliowekwa nje ya mpangilio, baada ya miti mia mbili na kumi na miwili. Nikasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti," akasema Mama Kadzo. "Wa ndani nao wasikie."

"Nitasoma hapa hapa."

"Mwali!"

Nikainuka kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikavuka turubai, nikavuka ua mbele ya wazee wote, nikasimama kwenye kizingiti cha kile chumba cha mbele, walipokuwa wamekaa wanawake na chetezo katikati yao, nikasoma:

"Udi. Mti huu hauoti kwetu, wala sijauona kwa macho. Huletwa kwa bahari. Hufukiziwa nyumba, nguo, maharusi na maiti. Mimi niliunusa kwenye kadi ya kompyuta, siku miti yangu yote iliporudi. Aliyenieleza: Bi Mishi, muuza bajia, Mikindani."